Nyumba ya kupanga, utie pesa ngapi ukutani?

Mwisho wa mwezi ukifika mtaani Pipeline, mikokoteni huwa mingi kuliko magari. Shuka kwenye barabara ya Outering, ingia ndani ya mtaa, na utaona magodoro yakiteremshwa kutoka orofa ya sita, makabati yakipandishwa orofa ya nne, na vijana wabebaji wakipiga kelele ngazini ili watu wawapishe. Huyu anahama, yule anahamia. Na katika kila ploti, msomaji, hakosi mtu mmoja aliyesimama katikati ya chumba kitupu akitazama kuta zilizochujuka rangi na balbu inayoning'inia kwa waya, huku akijiuliza: je, nipatengeneze hapa pawe pa kukalika, au nivumilie tu kwa kuwa sitakaa?

Swali hili limezua ugomvi katika nyumba nyingi. Mama watoto anataka chumba kipakwe rangi kabla vitu havijapangwa. Baba watoto anamjibu, "Nipake rangi nyumba ya wenyewe? Kwani tumeinunua?" Kila mmoja ana haki yake, na ndiyo sababu ugomvi wenyewe hauishi.

Wala si swali la watu wachache. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073 jijini Nairobi, na kati yao 988,808 walikuwa katika kaunti ndogo ya Embakasi, ambamo Pipeline imo. Maghorofa yaliyosongamana hapa yalijengwa ili yapangishwe. Mwenye ploti mara nyingi haishi humo, na anayeishi humo si mwenye ploti. Basi karibu kila anayeshika brashi ya rangi Pipeline anapaka ukuta wa mtu mwingine.

Nimeona watu wa aina mbili katika jambo hili, na wote wawili hupata hasara.

Wa kwanza ni yule anayetumia pesa kama mwenye nyumba. Akiingia bedsita anaita fundi wa gipsamu, dari inashushwa na kutiwa taa za rangi. Ukuta mmoja unabandikwa karatasi za maua, mwingine unatobolewa ili televisheni ining'inie. Marafiki wakija wanapiga picha. Miezi minane baadaye kodi inapanda, au anaambiwa chumba kinatakiwa na jamaa ya mwenye nyumba. Gipsamu haibebeki. Karatasi ukizibandua zinachanika. Dipoziti nayo inakatwa kwa ajili ya matundu. Kisha anayekuja baada yake anatozwa zaidi, kwa kuwa sasa hiyo ni "nyumba ya kisasa". Mtu huyo amemjengea landilodi, tena bila shukrani.

Sitaki kumcheka. Mjini humu mtu hupimwa kwa chumba chake, hasa kijana aliyetoka mashambani akiwa amebeba matumaini ya ukoo mzima. Mwanaanthropolojia Mario Schmidt alichapisha mwaka 2024 kitabu kizima juu ya wanaume waliohamia Pipeline na uzito wanaobeba wa kutakiwa wafaulu. Gipsamu pia ni sehemu ya uzito huo.

Wa pili ni yule anayeishi kama abiria. "Mimi niko hapa kwa muda tu," alisema mwaka alipozaliwa mtoto wake wa kwanza. Mtoto huyo sasa yumo sekondari. Dirishani bado kuna leso iliyopigiliwa misumari miwili. Vitabu vya shule vinalala chini ya kitanda kwa sababu hakuna rafu, na balbu ni moja, tena ile hafifu. Huyu anadhani ameokoa pesa. Lakini ukimwuliza pesa alizookoa kwa kutonunua rafu miaka yote hiyo ziko wapi, hawezi kukuonyesha.

Kati ya hawa wawili kuna njia, nayo inaanza kwa kujua una uhakika wa kukaa muda gani. Jibu la sheria litakushtua. Sheria ya Ardhi ya 2012 inasema kwamba upangaji usiotajwa muda wake huhesabiwa kwa kipindi cha malipo ya kodi, na notisi ya kuuvunja haipungui kipindi hicho. Unalipa kwa mwezi? Basi, kama mkataba hausemi vingine, ulicho nacho ni mwezi mmoja. Wengi wetu tulitia saini karatasi moja ya keateka bila kuisoma, na wengine hawana hata hiyo karatasi.

Zamani kidogo kulikuwa na kinga nyingine. Sheria ya Kudhibiti Kodi ya mwaka 1959 ilianzisha baraza la kusikiliza kesi za wapangaji wa nyumba za kuishi. Lakini kinga yake ni kwa nyumba ambazo kodi yake haizidi Sh2,500 kwa mwezi, na kiwango hicho kiliachwa hapo kwa miaka mingi huku kodi zikipaa. Nenda ukatafute bedsita ya Sh2,500 Pipeline, kisha urudi unieleze ulichoambiwa na keateka.

Sasa tazama ajabu hii. Shuka hadi chini ya ploti yako na uchungulie kwa kinyozi. Ameweka vigae, vioo ukuta mzima, viti vya kuzunguka na taa. Wewe wa orofa ya tano unajiambia, "Kama kinyozi anatengeneza, mbona mimi nisitengeneze?" Kinyozi ana sheria yake. Tangu 1965 kuna sheria ya wapangaji wa maduka na hoteli. Kama hana mkataba wa maandishi, au anao lakini hauzidi miaka mitano, mwenye nyumba hawezi kumtoa bila notisi ya angalau miezi miwili, na kinyozi akipinga, suala huenda mbele ya baraza la kodi za majengo ya biashara. Tena akiondoka, anayeingia mara nyingi humlipa gudwili. Wafanyabiashara wa Kariakoo, Dar es Salaam, wana neno lao zuri zaidi, kilemba. Wewe wa chumba cha kulala huna kilemba. Vigae vya kinyozi ni mtaji. Vyako ni zawadi kwa landilodi.

Mtafiti Marie Huchzermeyer wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini, alichapisha mwaka 2011 kitabu kinacholinganisha maghorofa ya kupangisha ya Nairobi na yale ya Berlin ya karne ya 19. Huko Ujerumani nako majengo yalisongamana, familia nzima chumba kimoja, ua mmoja mwembamba wa kupitishia mwanga. Leo Wajerumani wengi bado ni wapangaji, ila sheria zao zinamlinda mpangaji sana na mtu anaweza kukaa nyumba moja miongo. Basi jambo la kawaida huko ni kukodi nyumba isiyo na jiko kabisa. Mpangaji ananunua makabati ya jikoni, sinki na meko, na akihama anabeba vyote au anamwuzia anayeingia. Nakueleza haya kwa sababu mbili. Ya kwanza, mtu hutumia pesa kulingana na uhakika alio nao. Ya pili, hata mwenye uhakika hununua kitu kinachoweza kufunguliwa kwa bisibisi.

Basi chukua kalamu tufanye hesabu. Tuseme bedsita yako ni Sh7,000 kwa mwezi. Unataka kupaka rangi, kuweka vigae vichache juu ya sinki na rafu za kujengewa ukutani, na fundi amekupigia hesabu ya Sh12,000, vifaa na ufundi pamoja. Usiseme ni Sh12,000 za mara moja tu. Zigawe kwa miezi unayoamini utakaa. Ukikaa miezi sita, umejiongezea kodi ya Sh2,000 kila mwezi, yaani unaishi katika nyumba ya Sh9,000. Ukikaa miaka miwili, umejiongezea Sh500 tu. Swali la kujiuliza ni hili: kwa hizo Sh9,000 nisingepata chumba kilichokwisha kutengenezwa, pengine kule Tassia au katika ploti mpya ya jirani? Kama ungepata, fundi mwambie arudi kwake na wewe uite mkokoteni.

Miezi hiyo lakini usiihesabu kwa matumaini. Hakuna ahamaye akiamini atahama tena baada ya miezi minne. Hesabu kwa historia yako. Kaa na mwenzako, mkumbuke nyumba tatu za mwisho mlizokaa. Kama mlikaa miezi minane, kisha kumi na minne, kisha kumi na mmoja, jumla ni miezi 33, ukigawa kwa tatu unapata 11. Nyinyi ni watu wa miezi 11, hata kama mmeapa kwamba hii ni ya mwisho. Kisha tazama kinachokuja: mkataba wa kazi unaisha lini, mtoto anaingia shule gani, na je, kuna mtoto mwingine njiani? Chumba kinachowatosha watatu huwa kero kwa wanne.

Mimi nina kipimo changu, na unaweza kukiazima. Pesa za ukutani, yaani zile ambazo siku ya kuhama zitabaki, zisizidi kodi ya mwezi mmoja. Huo ndio muda ambao sheria imenihakikishia. Pesa za vitu vinavyobebeka hazina mpaka huo. Hapo kinachoamua ni mfuko. Kwa mwenye bedsita ya Sh7,000, Sh12,000 za fundi zimepita mpaka. Atoe vigae, atoe rafu za kujengewa, abakize rangi.

Na hapo kwenye rangi nasimama na mama watoto. Pipeline ina shida moja ambayo mitaa mingine haina kwa kiwango hicho, nayo ni giza. Majengo yamesimama karibu karibu hata jirani wa ploti ya pili anaweza kukupa chumvi dirishani. Anayekaa orofa za chini huwasha stima saa sita za mchana. Mtoto anafanya kazi ya shule mlangoni, akifuata mwanga wa koridoni. Katika chumba kama hicho, rangi nyeupe ya maji kwenye kuta na dari haiwi urembo, inakuwa taa. Nunua rangi na brashi, mkwangue ukuta siku ya Jumamosi na kupaka Jumapili, nyinyi na watoto, na ufundi utakuwa wa bure. Pale pa kupikia, paka rangi ya mafuta kimo cha mtu ili masizi na mafuta yafutike kwa kitambaa. Kazi imekwisha, wala hujafikisha kodi ya mwezi.

Karatasi za ukutani na gipsamu zina ubaya mwingine ambao fundi hatakuambia. Nyuma yake ni joto na giza, na kunguni na mende hupenda hapo. Anayeishi ghorofani Eastlands anajua kwamba kunguni wa jirani ni wako pia. Ziba nyufa ndogo za plasta na matundu ya misumari kabla ya kupaka rangi. Hiyo ni kazi ya shilingi chache, na utalala.

Sasa vile vinavyobebeka. Hapa ndipo nisingekuwa bahili. Mapipa na mitungi ya maji, kwanza kabisa, kwa sababu mifereji ya Pipeline hukauka na maji ya mkokoteni hununuliwa mtungi kwa mtungi. Anayeweza kuweka akiba hababaiki siku bei inapopanda. Kufuli nzuri ya kwako mwenyewe, ambayo ufunguo wake haukupitia kwa mpangaji aliyetangulia. Taa ya mezani ya mtoto. Rafu ya mbao au ya chuma inayosimama yenyewe, badala ya ile ya kugongomewa. Pazia zito la kugawa chumba, ili wazazi na watoto wasitiriane. Hilo limeokoa heshima ya familia nyingi za chumba kimoja, na linaning'inizwa kwa waya na ndoano mbili tu. Mkeka wa plastiki wa sakafuni nao ni mzuri, ila usiukate sawasawa na chumba. Nunua uliozidi kidogo, ukunje ziada chini ya kitanda, maana chumba kinachofuata huenda kikawa kipana zaidi. Mapazia ya dirisha vivyo hivyo.

Lakini pima ngazi kabla ya kununua viti. Kuna watu mtaani wamewahi kuvuta sofa kwa kamba kupitia baraza za orofa ya tano, jirani wote wakitazama. Sofa hiyo itashuka kwa kamba hiyo hiyo, na wabebaji hutoza kwa kuangalia uso wako unavyotoka jasho.

Kuna kundi la tatu la gharama ambalo si la ukutani wala la kubebeka. Ni zile ambazo hazikuhusu. Sheria hiyo ya Ardhi ya 2012 inamtaka mwenye jengo lenye wapangaji wengi atunze paa, kuta za nje na kuta kuu, mitaro mikuu ya maji taka na njia zinazotumiwa na wote. Pia chumba cha kuishi kinatakiwa kiwe kinafaa kuishi siku unapoingia, na kiendelee kufaa. Bomba kuu limepasuka, choo cha wote kimeziba, maji yanavuja kutoka orofa ya juu, hayo mpelekee mwenye mali. Ukianza kujitengenezea kimya kimya, ataona ndivyo ilivyo desturi.

Na nyufa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga, lakini walikuwa wakimwambia mwenye nyumba. Ninasema juu ya ule ufa mpana unaokwenda mshazari kwenye nguzo au ukuta mkuu, unaozidi kukua, mlango nao ukaanza kukwama bila sababu. Huo usiupake rangi. Aprili 29, 2016, jengo la orofa sita liliporomoka Huruma usiku baada ya mvua kubwa, na karibu watu 50 wakafa. Desemba 2019 likaporomoka jingine la orofa sita Tassia, hapo hapo jirani na Pipeline, nalo likaua. Ukiona dalili hizo, pesa zote za rangi, rafu na mkeka zigeuke nauli ya mkokoteni. Katika nyumba kama hiyo kiasi kinachofaa kutumiwa ni sufuri.

Vivyo hivyo waya za stima. Chumba kina soketi moja, na wewe una friji, pasi, televisheni na jiko la stima. Usimwite kijana wa mtaani akuunganishie soketi tatu zaidi kutoka kwenye waya ule ule mwembamba. Moto wa ghorofa hauulizi nani aliunganisha.

Inakuja sasa sehemu ambayo wapangaji wengi huogopa, nayo ni kuongea. Saa nzuri ya kuongea ni kabla ya kulipa, wakati chumba kiko kitupu na kila siku inayopita ni kodi inayopotea kwa mwenyewe. Niliwahi kusimama koridoni nikimsikiliza mama mmoja akibishana na keateka, nikatamani wasomaji wote wangekuwapo.

"Mzee, kuta hizi zimechakaa. Mwenye nyumba atapaka lini?"

"Mama, hapa mpangaji hujipakia. Hata mwenzako aliyetoka alijipakia."

"Basi mpigie, umwulize kama nikinunua rangi atanikatia kwenye kodi."

"Hiyo siwezi kumwuliza kabla hujalipa dipoziti."

"Mwulize kabla sijalipa, mzee wangu. Nikishalipa hatanisikia."

Simu ikapigwa. Mwenye nyumba akakubali kulipia rangi, mama akakubali kutoa nguvu zake. Kisha akafanya jambo la maana zaidi: akaomba maneno hayo yaandikwe katika ujumbe wa simu, akausoma kwa sauti, ndipo akatoa pesa. Fanya hivyo. Tena siku ya kuingia, piga picha za kila ukuta, sinki, kioo cha dirisha na kitasa, uzitume kwa keateka siku hiyo hiyo. Sheria haikudai ulipie uchakavu wa kawaida unaotokana na kuishi tu. Lakini bila picha, uchakavu alioacha mwenzako utakuwa wako.

Neno moja kwa wanafunzi wanaopanga watatu watatu. Msichangie kitu kimoja. Mmoja anunue jiko, mwingine mkeka, wa tatu pipa na mapazia, kila mtu na chake. Muhula wa mwisho ukifika, jiko la watu watatu haligawanyiki, na urafiki wa miaka minne huvunjika kwa sababu ya mtungi wa gesi.

Baba watoto ana hoja moja ambayo sijaigusa. Atasema pesa zote hizi zingefaa kujenga nyumbani. Kwetu mtu akiulizwa nyumbani ni wapi hasemi Pipeline. Anasema Kitui, anasema Siaya, anasema Murang'a. Pipeline ni nyumba, kule ndiko nyumbani. Hoja hii ina nguvu, na mpango wa kujenga haufai kuvunjwa kwa ajili ya karatasi za maua. Nguo ya kuazima haisitiri matako. Tena mtu hahami kwa hiari yake sikuzote. Novemba 2021 maelfu ya watu wa Mukuru kwa Njenga, ng'ambo kidogo tu ya hapa, walibomolewa makazi ili barabara ipite.

Lakini mwulize mtoto wako wa miaka tisa nyumbani ni wapi. Yeye mashambani huenda Desemba. Marafiki wake wako kwenye ngazi za ploti hii, na ukuta anaoutazama akiamka ni huu. Yeye hana "muda tu". Miaka unayoihesabu kuwa ya kupita ndiyo utoto wake wote, na baadaye hautamrudishia kwa nyumba ya mawe kule kijijini. Baba aliyekataa rangi ya kodi ya nusu mwezi kwa sababu anajenga, na huku hajanunua hata tofali mwaka huu, anastahili kuulizwa na mama watoto, kwa upole, daftari la ujenzi liko wapi.

Sasa siku ya kuhama. Toa notisi ya mwezi kwa maandishi, kisha usingoje siku ya mwisho. Keateka ataanza kuleta watu waone chumba. Wakija, waonyeshe pia mkeka, waya za mapazia na ile rafu ambayo haitaingia kwenye chumba chako kipya, utaje bei. Anayehamia hana nguvu ya kutafuta duka siku ya kwanza. Atanunua, ukipunguza kidogo. Uza keateka akiwapo, isije ikasemwa uliuza mali ya ploti. Fungua balbu zako za bei, rudisha zile za zamani ulizozihifadhi kwenye kopo. Toa kufuli yako. Piga tena picha za kuta zile zile ulizopiga siku ya kuingia.

Dipoziti isiporudi, na una zile picha na ule ujumbe wa simu, kuna Mahakama ya Madai Madogo. Ilianza kazi Milimani mwaka 2021, husikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, inatakiwa iamue ndani ya siku 60, na hulazimiki kuwa na wakili. Beba risiti ya dipoziti na mkataba, hata kama ni ile karatasi moja ya keateka.